Kupisha na Kuacha: Historia ya Ishara na Upokonyaji wa Zamu katika Vitanzi Virefu vya Kiini cha Mfumo Endeshi, kutoka Unix hadi Linux

1. Utangulizi

Mfumo endeshi wa kompyuta hugawanya kazi katika ngazi mbili. Ngazi ya juu ni ya programu za watumiaji. Ngazi ya chini ni ya kiini, yaani sehemu ya mfumo inayosimamia prosesa, kumbukumbu na vifaa. Programu inapotaka kusoma faili, kuomba kumbukumbu au kupata namba nasibu, hutoa wito wa mfumo, na mchakato wake huingia katika hali ya kiini hadi ombi litimizwe. Mara nyingi ombi hutimizwa kwa kitanzi: kazi kubwa hukatwa vipande, na kila mzunguko hushughulikia kipande kimoja. Kitanzi cha mizunguko michache hakimsumbui mtu. Kitanzi cha mizunguko milioni moja huibua maswali mawili. Je, mchakato mwingine unaosubiri prosesa utapata zamu lini? Na je, mtumiaji aliyebonyeza vitufe vya kusitisha programu atasikilizwa lini?

Swali la kwanza linahusu upokonyaji wa zamu, yaani uwezo wa mratibu wa michakato kumwondoa aliye kwenye prosesa na kumpa mwingine nafasi hiyo. Swali la pili linahusu ishara, yaani ujumbe mfupi ambao kiini huufikisha kwa mchakato ili kuutaka usimame, ufe, au ushughulikie tukio fulani. Tofauti yake inaweza kuonwa kwenye foleni ya maji bombani. Anayeambiwa apishe huiacha ndoo yake ilivyo, na zamu yake ikirudi huendelea kukinga pale alipokomea, maji hayakupungua. Anayeitwa nyumbani kwa dharura hana budi kuamua: aondoke na nusu ndoo, aimwage, au kwanza aijaze? Uamuzi huo hawezi kufanyiwa na msimamizi wa foleni, kwa sababu msimamizi hajui maji yale yaliahidiwa nani.

Hoja ya makala hii ni kwamba maswali haya mawili yalijibiwa mahali pamoja tangu mwanzo wa Unix, na kwa sababu hiyo yakazoeleka kama swali moja. Historia ya takriban miaka 50 inaonyesha kwamba ni maswali tofauti kwa asili. Upokonyaji wa zamu umeondolewa hatua kwa hatua mikononi mwa mwandishi wa kitanzi na kukabidhiwa mratibu. Ishara haijaondolewa, wala haiwezi kuondolewa, kwa kuwa kuacha kazi katikati ni kuigusa ahadi ambayo kitanzi pekee kinaijua. Pale mambo haya mawili yalipofungwa pamoja katika msimbo, matokeo yalikuwa kasoro iliyodumu kwa miaka mingi bila kuonekana.

2. Kiini kisichopokonywa zamu: Unix ya miaka ya 1970

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs, Marekani, chini ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Toleo lake la Sita, la mwaka 1975, ndilo lililosomwa na wanafunzi wengi kupitia ufafanuzi wa John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia. Katika toleo hilo, kanuni ya zamu ilikuwa fupi: mchakato ulio katika hali ya kiini haupokonywi prosesa. Saa ya mashine ingeweza kukatiza kazi na kuweka alama kwamba kuna mchakato wenye haki zaidi ya kuendeshwa. Lakini alama hiyo ilisomwa pale tu mchakato ulipokuwa ukirejea katika hali ya mtumiaji. Ndani ya kiini, mchakato uliachia prosesa kwa hiari yake tu, kwa kulala ukisubiri kifaa au rasilimali.

Ishara nazo zilichunguzwa katika mipaka hiyohiyo. Mchakato uliangalia kama una ishara ulipokuwa ukitoka kwenye kiini, na pia ulipokuwa ukilala. Hapa palikuwa na utaratibu wa kuvutia. Kitendakazi cha kulala kilipokea namba ya kipaumbele. Namba hiyo ikiwa hasi, usingizi haukuweza kusumbuliwa na ishara. Ikiwa sifuri au zaidi, ishara iliruhusiwa kuuvunja. Anayesubiri diski alilala kwa namba hasi, kwa kuwa diski hujibu baada ya muda mfupi na hali ya data haipaswi kuachwa njiani. Anayesubiri kibodi alilala kwa namba chanya, kwa kuwa binadamu anaweza asibonyeze kitu siku nzima. Namba moja, basi, ilibeba maana mbili: nani atangulie kupata prosesa, na nani anaruhusiwa kuacha kazi yake. Huo ndio ushahidi wa mapema wa kufungwa pamoja kwa zamu na ishara.

Utaratibu huu ulitosha kwa sababu ya vipimo vya mashine yenyewe. Kompyuta ya PDP-11 ilikuwa na kumbukumbu ndogo, na kitanzi cha kusoma faili kilinakili baiti 512 kwa kila mzunguko. Mara nyingi mzunguko mmoja uliishia kwa kusubiri diski, na kusubiri huko kuliwapa wengine nafasi. Aidha, kutopokonywa zamu kuliwapunguzia waandishi wa kiini mzigo mkubwa: mchakato uliokuwa ukirekebisha jedwali la kiini haukuhitaji kuogopa kwamba mwingine angeingia katikati, ila tu pale ulipolala au pale kifaa kilipoleta katizo. Urahisi huo ulikuwa faida halisi, na ndio unaoeleza kwa nini kanuni hiyo ilidumu.

3. Mjadala kuhusu wito uliokatizwa

Ikiwa ishara inaivunja kazi ya kiini, programu iambiwe nini? Swali hili liligawanya shule mbili. Katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, mfumo wa ITS ulifuata kanuni kwamba wito uliokatizwa urudishwe nyuma: hali ya mchakato iliwekwa kana kwamba programu haijatoa wito, ili ishara ikishashughulikiwa, wito urudiwe wenyewe. Unix ilichagua njia nyepesi. Wito ulirudi na namba ya kosa, EINTR, na programu yenyewe iliachiwa kazi ya kujaribu tena. Richard Gabriel, katika insha yake maarufu iliyochapishwa mwaka 1991, aliufanya mfano huu kuwa kielelezo cha falsafa mbili za usanifu: moja inayotafuta usahihi kamili hata kiini kikiwa kigumu, nyingine inayopendelea wepesi wa kiini hata mzigo ukimwangukia mtumiaji.

Mzigo huo haukubebwa na wote. Programu nyingi hazikuangalia EINTR, na ziliharibika pale ishara ilipofika wakati usiotarajiwa. Mwaka 1983, Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika toleo la 4.2BSD, ilileta urudiaji wa baadhi ya wito kwa njia ya kiotomatiki. Baadaye programu ziliruhusiwa kuchagua kama zinataka wito urudiwe au la. Hata hivyo, urudiaji una mpaka wake. Wito ambao haujafanya lolote unaweza kurudiwa bila madhara. Wito uliokwisha kusoma baiti 3,000 kati ya 10,000 hauwezi kurudiwa tu, kwa kuwa baiti zile zimekwisha kutoka mahali pake. Njia iliyobaki ni kurudisha hesabu pungufu: programu inaambiwa kwamba imepata baiti 3,000, na iombe zilizobaki.

Hesabu hiyo pungufu ndiyo ahadi inayozungumziwa katika makala hii. Kila kitanzi cha kiini kinachokubali kuachwa njiani kinamtegemea msomaji wa upande wa pili aangalie hesabu. Asipoangalia, atadhani ndoo imejaa.

4. Vitanzi vyarefuka: Linux na upokonyaji wa zamu

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 huko Helsinki, ilirithi kanuni ya Unix: kiini kisichopokonywa zamu. Mazingira, hata hivyo, yalikuwa yamebadilika. Kumbukumbu ilikua kutoka kilobaiti hadi megabaiti, kisha gigabaiti. Data nyingi zilikaa tayari kwenye kumbukumbu, hivyo kitanzi cha kusoma hakikuwa tena na sababu ya kulala. Kufuta faili kubwa, kufunga mchakato wenye kurasa nyingi za kumbukumbu, au kutafuta katika orodha ndefu kuligeuka kuwa kazi ya mfululizo isiyo na pumziko.

Waliolalamika kwanza kwa sauti kubwa walikuwa watu wa muziki. Kompyuta inayochakata sauti kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, ikitumia akiba ya sampuli 64, inapaswa kuhudumiwa kila baada ya milisekunde 1.5 hivi. Kitanzi cha kiini kinachoshikilia prosesa kwa makumi ya milisekunde huacha pengo linalosikika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ingo Molnar na Andrew Morton walitayarisha viraka vilivyopanda vituo vya kupisha ndani ya vitanzi virefu vilivyojulikana. Katika kila kituo, msimbo uliuliza: je, kuna anayesubiri? Ikiwa yupo, mchakato ulimpisha kisha ukaendelea. Kituo hicho ndicho kilichokuja kuitwa cond_resched.

Njia ya pili ilitokana na kazi iliyoanzia katika kampuni ya MontaVista na kuendelezwa na Robert Love. Hoja yake ilikuwa ya werevu. Ili kuendesha kompyuta zenye prosesa nyingi, Linux ilikuwa tayari imezungushia makufuli sehemu zote ambazo hazipaswi kuingiliwa. Basi kiini kihesabu makufuli yaliyoshikwa. Hesabu ikiwa sifuri, mchakato upokonywe zamu mahali popote, hata katikati ya kitanzi. Kazi hiyo iliingia katika toleo la majaribio 2.5.4 mwaka 2002, na ikawafikia watumiaji wa kawaida kupitia toleo 2.6.0 la Desemba 2003.

Ingedhaniwa kwamba hapo vituo vya kupisha vingekoma. Havikukoma, kwa sababu wasimamizi wa seva waliona kwamba upokonyaji wa mara kwa mara unapunguza kiasi cha kazi inayokamilika. Mwaka 2005, toleo 2.6.13 liliongeza njia ya kati, iliyobuniwa na Molnar, ya upishaji wa hiari. Tangu hapo kiini kimoja kiliweza kujengwa kwa namna tatu: bila upokonyaji, kwa hiari, au kwa upokonyaji kamili. Mwandishi wa kitanzi hakujua msimbo wake ungeendeshwa chini ya namna ipi. Aliweka kituo cha kupisha kwa kukisia, na makisio hayo yakatapakaa katika msimbo mzima.

5. Ishara ya kuua na ahadi iliyokoma

Wakati upokonyaji ukipiga hatua, suala la ishara lilibaki karibu pale lilipoachwa na Toleo la Sita. Usingizi usiovunjika uliendelea kutumiwa kwa diski, na pia kwa mifumo ya faili ya mtandao. Seva ya mbali ilipotoweka, mchakato uliokuwa ukiisubiri uliganda, na hakuna ishara iliyoweza kuuondoa. Mara nyingi dawa ilikuwa kuizima mashine nzima.

Suluhisho lililoingia katika toleo 2.6.25 la Aprili 2008, kwa kazi ya Matthew Wilcox, lilikuwa hali mpya ya usingizi inayovunjwa na ishara za kuua tu. Mantiki yake ni ushahidi mkubwa wa hoja ya makala hii. Ishara ya kawaida haiwezi kuruhusiwa kuvunja usomaji wa faili, kwa kuwa programu nyingi hazitarajii hesabu pungufu kutoka kwenye faili. Lakini programu inayouawa haitarejea kamwe katika hali ya mtumiaji. Haitaiona hesabu hiyo. Ahadi imekoma pamoja na aliyeahidiwa. Kwa hiyo kuacha kazi katikati hakumdhuru mtu yeyote, mradi kiini kiachie makufuli na rasilimali zake kwa utaratibu.

Mwaka uliofuata ulidhihirisha hatari ya kutouliza swali hilo ndani ya kitanzi. Faili maalumu ya /dev/zero hutoa baiti za sifuri bila kikomo. Michakato kadhaa ikiomba kiasi kikubwa kwa wakati mmoja, kumbukumbu ya mashine inaweza kwisha. Kiini hujaribu kujiokoa kwa kuua mojawapo. Lakini aliyehukumiwa yumo ndani ya kitanzi cha kujaza sifuri, na kitanzi hicho hakikuwa kikiangalia ishara. Hukumu imetolewa na kumbukumbu haijarudishwa. Marekebisho ya mwaka 2009 yaliweka uchunguzi wa ishara katika kila mzunguko, na usomaji wa /dev/zero ukaweza kukatizwa. Inafaa kuzingatiwa kwamba upokonyaji wa zamu haukuwa dawa ya tatizo hili. Mchakato ule ungeweza kupisha mara elfu, na kila zamu yake ikirudi ungeendelea kula kumbukumbu.

6. Kisa cha /dev/urandom

Kisa kinachoonyesha kwa uwazi zaidi gharama ya kuchanganya maswali haya mawili ni cha /dev/urandom, faili maalumu inayotoa namba nasibu. Namba hizo ndizo malighafi ya funguo za siri za mawasiliano. Programu inayodhani imepata baiti 32 za nasibu, kumbe imepata 10, itatengeneza ufunguo ambao sehemu yake inaweza kukisiwa.

Kwa miaka mingi kitanzi cha kifaa hiki kiliandikwa hivi: katika kila mzunguko, angalia kama mratibu anataka prosesa, ikiwa anaitaka, angalia kama kuna ishara, ikiwa ipo, acha kazi, kama haipo, mpishe mwingine kisha endelea. Kwa haraka msimbo huo unaonekana wa busara, kwa kuwa unakusanya maswali yote mahali pamoja. Mwaka 2014, toleo 3.17 lilipoleta wito mpya wa getrandom, uliotayarishwa na Theodore Ts'o, sharti la ukubwa liliongezwa: ombi lisilozidi baiti 256 halitakatizwa kamwe. Mfumo wa OpenBSD ulikuwa umeweka kikomo hichohicho katika wito wake wa getentropy. Ahadi kwa watengenezaji wa funguo sasa ilikuwa ya wazi, kwani hakuna ufunguo wa kawaida wenye mahitaji makubwa kuliko hayo.

Mwezi Aprili 2022, Jann Horn aliifungua kasoro iliyokuwa imejificha. Swali la ishara lilikuwa limewekwa nyuma ya mlango wa swali la zamu. Kwenye mashine tulivu, ambako hakuna mchakato mwingine unaosubiri, mratibu haitaki prosesa. Basi swali la ishara haliulizwi, na mtumiaji anayebonyeza vitufe vya kusitisha hasikilizwi. Kwenye kiini chenye upokonyaji kamili hali haiwi bora: katizo la saa likifika, mratibu huipokonya zamu palepale na kuifuta alama yake kabla kitanzi hakijapata nafasi ya kuisoma. Kwa maneno mengine, kadiri upokonyaji ulivyoboreshwa, ndivyo uchunguzi wa ishara uliotegemea alama hiyo ulivyozidi kufa. Horn aliyatenganisha maswali hayo mawili, kama yalivyokuwa yametenganishwa katika /dev/zero.

Marekebisho yalikuwa sahihi, lakini yalizaa hofu mpya. Jason Donenfeld, msimamizi wa sehemu hiyo ya kiini, alipima na kukuta kwamba, chini ya msimbo wa zamani, usomaji haukukatizwa hadi megabaiti kadhaa zisomwe. Maana yake ni kwamba programu zilizokuwa zikisoma zaidi ya baiti 256 bila kuangalia hesabu iliyorudi zilikuwa salama kwa bahati tu, zikilindwa na kasoro yenyewe. Kasoro ikiondolewa, ulinzi huo unaondoka. Donenfeld aliamua kwamba kitanzi kitoe kwanza kipande kizima cha ukurasa mmoja wa kumbukumbu, ambao katika prosesa nyingi ni baiti 4,096, kisha kiulize kuhusu ishara, na kiendelee hivyo baada ya kila kipande. Marekebisho hayo yaliingia katika toleo 5.18 la Mei 2022.

Uamuzi huo haukutokana na hesabu za kasi. Ulitokana na kuwafikiria waandishi wa programu waliosahau kuangalia hesabu pungufu, na kuwapimia nafasi ya usalama. Hakuna mratibu ambaye angeweza kuufanya, kwa kuwa mratibu hajui kama baiti zinazopita ni sifuri zisizo na thamani au ni ufunguo wa benki.

7. Mratibu mvivu na hatima ya vituo vya kupisha

Upande wa upokonyaji, mwendo umekuwa wa kuelekea kinyume: uamuzi unaondoka kwenye kitanzi. Mwaka 2023 Thomas Gleixner alipendekeza mpango wa upokonyaji wa uvivu, na mwaka huohuo Ankur Arora akatoa mfululizo wa viraka vilivyolenga kukiondoa kabisa kituo cha cond_resched. Katika mpango huo, mratibu ana alama mbili. Alama ya uvivu inamsubiri mchakato atoke kwenye kiini kwa wakati wake, kama ilivyokuwa katika Unix ya awali, na hivyo kazi nyingi hukamilika bila usumbufu. Mchakato ukikawia hadi pigo linalofuata la saa, alama inageuzwa kuwa ya lazima, na zamu inapokonywa. Mpango huu uliingia katika toleo 6.13 la Januari 2025, miezi miwili baada ya toleo 6.12 kukamilisha kazi ya takriban miaka 20 ya kuifanya Linux ifae mifumo ya wakati halisi.

Vituo vya kupisha vikiwa vimebaki katika msimbo, havina kazi pale upokonyaji unapofanywa na mratibu mwenyewe, na azma ya muda mrefu ni kuving'oa. Hapa historia iliyoelezwa inatoa tahadhari ya kivitendo. Katika vitanzi vingi, kituo cha kupisha na uchunguzi wa ishara vimeandikwa mstari baada ya mstari. Anayeving'oa vituo akidhani kwamba anaondoa masalia ya zama zilizopita anaweza kung'oa pia swali ambalo halijapata mtu mwingine wa kuliuliza.

8. Hitimisho

Makala hii imefuatilia maswali mawili kutoka Unix ya Toleo la Sita, ambamo namba moja ya kipaumbele iliyajibu yote, hadi Linux ya sasa. Imebainika kwamba upokonyaji wa zamu uliweza kuhamishiwa kwa mratibu kwa sababu aliyepokonywa hapotezi kitu: hali yake huhifadhiwa na hurejea pale alipokomea. Ishara haikuweza kuhamishwa, kwa sababu kuitii ni kukubali matokeo pungufu, na upungufu una maana tofauti kwa kila kitanzi. Hali ya usingizi ya mwaka 2008 ilifaulu kwa kutambua wakati ambapo ahadi imekoma. Marekebisho ya mwaka 2009 yalifaulu kwa kuiuliza ishara moja kwa moja. Na kasoro iliyosahihishwa mwaka 2022 ilidumu kwa sababu swali moja lilifichwa nyuma ya jingine.

Kwa mwandishi wa kitanzi kirefu cha kiini, matokeo yake ni kwamba mzigo umepungua lakini haukuisha. Kupisha si jukumu lake tena. Kuacha bado ni jukumu lake: kuchagua ni baada ya kiasi gani cha kazi ishara isikilizwe, na kuhakikisha kwamba anayepokea nusu ndoo anaambiwa kuwa ni nusu.